Muezza, Ta-miu au Kimburu: kumtafutia paka jina lenye asili

Swali: "Assalaam alaykum daktari. Wanangu wameletewa paka na shangazi yao, jike, wa kijivu mwenye michirizi, na kwenye paji la uso ana alama kama herufi M. Kwa sasa tunamwita Pusi tu, kama paka wote wa mtaani kwetu. Binti yangu amesoma mtandaoni kwamba paka wa Mtume (S.A.W.) aliitwa Muezza, naye anataka jina hilo. Mama yangu anasema paka hapewi jina la mtu, sembuse jina la heshima kama hilo. Je, hilo la Muezza ni kweli? Kama si hilo, kuna majina gani yasiyo ya kawaida, yana maana gani na yametoka wapi? Halafu ameshazoea Pusi kwa miezi kadhaa; atakubali kubadilishwa jina?" Mama wa watoto watatu, Tanga.

Wa alaykumu salaam, dada yangu, na hongera kwa kupata mgeni.

Nianze na Muezza, maana ndilo lililoleta ubishi nyumbani. Wanaoliandika husema lina maana ya "mpendwa" au "anayeenziwa", na kweli linafanana na maneno ya mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi azizi, enzi na kuenzi. Lakini kisa kinacholibeba, kwamba Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, na jina lenyewe halimo pia. Kisa cha namna hiyo hiyo kinasimuliwa juu ya mtu mwingine: Sheikh Ahmad ar-Rifai wa Iraki, aliyefariki mwaka 1182. Paka alimlalia kwenye mkono wa nguo, wakati wa sala ukaingia, sheikh akaukata mkono ule akaenda kusali. Aliporudi akakuta paka ameshaondoka, akaushona. Ndiye huyo ambaye tarika ya Rifai inaitwa kwa jina lake, tarika ambayo maulidi ya homu ya Unguja yamechipukia. Kwa maoni yangu kisa kina mwenyewe, tena mwenyewe ambaye wafuasi wake wako hapa hapa pwani.

Na ile M isikuchanganye. Kila paka mwenye michirizi anayo. Ni kazi ya jeni ile ile inayompa michirizi mwilini. Ulaya wana hekaya kwamba Bikira Maria ndiye aliyeiacha alama hiyo, na mtandaoni utasoma kwamba ni herufi ya kwanza ya jina la Mtume. Hii ya pili hunichekesha, kwani mim ya Kiarabu ni kiduara chenye mkia, haina pembe hata moja.

Kama binti yako anataka jina lenye uhusiano wa kweli na zama zile, lipo, na bila shaka amelisikia mara nyingi madrasa bila kulitilia maanani. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wenzake wote, hakuzaliwa na jina hilo. Huraira ni kipaka, kutoka hirra, paka jike. Imepokewa kwake mwenyewe kwamba alipokuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake alikuwa na kipaka. Usiku humweka juu ya mti, mchana humchukua akacheza naye, basi watu wakamwita baba wa kipaka. Hirra ni jina fupi, la kike, la paka hasa, na halimvunjii mtu yeyote heshima.

Sasa mama yako. Nampa haki zaidi ya nusu. Mtaa wenu hauwezi kukosa Zuhura. Siku utakapopiga kelele, "Zuhura, mwizi we, toka jikoni!" na Zuhura wa nyumba ya pili yuko uani anaanika nguo, utamweleza nini? Ila ajue kwamba kwingine desturi ni kinyume. Waingereza wa zamani walimpa paka majina ya watu wa kawaida kabisa. Dume la paka waliliita Gib, kifupi cha Gilbert, mpaka kilipovuma kitabu kimoja cha mwaka 1760 ambacho shujaa wake ni paka aitwaye Tom. Hadi leo dume la paka kwa Kiingereza huitwa hivyo. Grimalkin, jina walilompa paka kizee, ni neno la "kijivu" lililoungana na Malkin, kifupi cha Matilda. Samuel Johnson, mtunga kamusi wa London wa karne ya 18, alikuwa na Hodge, ambalo ni jina la Roger lililogeuzwa kwa mazoea, na pia lilikuwa jina la utani la mkulima wa shamba. Johnson alikuwa akienda mwenyewe kumnunulia Hodge chaza, maana aliogopa watumishi wakitumwa watamchukia paka bure. Warusi nao wana Vaska, kutoka Vasily. Kwa hiyo mama yako anasimamia adabu ya kwetu, na paka wako anaishi kwetu.

Kabla sijakupa majina mengine, tahadhari kidogo. Ukitafuta mtandaoni utakutana na orodha ndefu za majina ya wanyama na maana zake. Tazama zinavyosema juu ya lugha yako mwenyewe: Nala, jina lililoenezwa na filamu ya katuni, limeandikwa mahali pengi kwamba ni Kiswahili na maana yake ni "zawadi". Wewe na mimi tunajua zawadi inaitwaje. Kama wametufanyia hivyo sisi tunaoweza kuwasahihisha, fikiria wanavyowafanyia Wamisri wa kale ambao hawapo. Kwa hiyo mimi huchukua jina ambalo naweza kumwonyesha mtu lilipotoka: kaburi gani, meli gani, paka yupi.

Nikisema kaburi sitanii. Jina la kale kabisa la paka ninalolijua ni la Misri, kwenye kaburi la ofisa aitwaye Puimre huko Thebes, wakati wa Farao Thutmose wa Tatu, karne ya 15 KK. Chini ya kiti kuna paka, na jina lake limeandikwa: Nedjem, yaani "tamu". Kama karne moja baadaye alikuwepo Ta-miu, paka wa mwanamfalme Thutmose, mtoto mkubwa wa Farao Amenhotep wa Tatu na kaka wa yule Akhenaten aliyegeuza dini ya Misri. Paka huyo alipokufa, mwanamfalme alimchongea jeneza la mawe ya chokaa, na juu yake wamemchora amekaa mbele ya meza iliyojaa sadaka, akiwemo bata, kama wanavyochorwa wakubwa. Jeneza lilipatikana mwaka 1892 Mit Rahina, palipokuwa mji wa Memfisi. Na jina hilo la kifalme lina maana gani? "Paka jike." Basi. Miu ni paka kwa Kimisri cha kale, limetokana na mlio wake kama nyau yetu, na ta ni alama ya kike. Mwanamfalme aliyekuwa na hazina yote ile alimwita paka wake Paka, sawa na nyinyi mnavyomwita Pusi, na bado tunamtaja baada ya miaka zaidi ya 3,300. Nedjem ndilo ningelichukua mimi kati ya mawili hayo. Kwa ulimi wa Kiswahili liandike Nejemu, linaitika vizuri.

Wajapani wana Tama, jina la jadi la paka, lenye maana ya kito au kitu cha mviringo. Lilivuma duniani mwaka 2007 pale shirika dogo la reli la mkoa wa Wakayama lilipompa paka mmoja wa stesheni ya Kishi, wa rangi tatu, cheo cha mkuu wa stesheni, na kofia juu. Abiria wakaja kumwangalia, reli iliyokuwa inakaribia kufa ikapata uhai. Alipokufa mwaka 2015 cheo kilikwenda kwa Nitama, yaani "Tama wa pili". Hili la Tama linamfaa paka yeyote wa kike na halihitaji maelezo marefu kwa majirani.

Mabaharia ndio walionifurahisha kuliko wote. Paka Trim alizaliwa baharini mwaka 1799 ndani ya meli Reliance, kati ya Rasi ya Tumaini Jema na Australia, akaitwa hivyo kwa mtumishi mwaminifu wa riwaya moja ya Kiingereza. Alikuwa mweusi mwenye miguu myeupe na nyota kifuani. Mmiliki wake, baharia Mwingereza Matthew Flinders, alizunguka naye bara zima la Australia, wakavunjikiwa na meli pamoja kwenye mwamba mwaka 1803, na alipokamatwa na Wafaransa kisiwani Mauritius, bahari hii hii yetu, Trim alikuwa naye hadi alipotoweka huko. Mwingine ni Mrs Chippy, wa meli Endurance ya Ernest Shackleton iliyokwenda Antaktika mwaka 1914. Chippy ni jina la utani la seremala kwa Kiingereza. Paka alikuwa akimfuata seremala wa meli, Harry McNish, kila aendapo, ndipo wakamwita "Bibi Seremala". Baada ya wiki chache baharini wakagundua kwamba bibi huyo ni dume. Jina halikubadilishwa. Na hapa nakuuliza kama daktari: mna hakika wenu ni jike? Kwa paka mchanga watu wengi hukosea. Mkipita zahanati ya mifugo muangaliziwe, hasa kama mnataka jina kama Malkia.

Félicette nitamtaja kwa sababu ya namna alivyopata jina. Tarehe 18 Oktoba 1963 Wafaransa walimrusha angani kwa roketi kutoka Hammaguir, jangwani Algeria, akarudi mzima, paka wa kwanza kufika anga za juu. Kabla ya safari alikuwa namba tu, C 341, kwani paka wa majaribio hawakupewa majina ili watafiti wasije wakawapenda. Waandishi wa habari ndio waliomwita Félix, neno la Kilatini la mwenye furaha na bahati, kisha likageuzwa kuwa la kike.

Mark Twain, mwandishi wa Marekani, aliwapa paka wake majina ya Zoroaster, Apollinaris na Blatherskite: la kwanza ni la mtume wa Waajemi wa kale, la pili ni la maji ya chupa ya Ujerumani, la tatu maana yake mpayukaji. Alisema aliyachagua ili watoto wajizoeze kutamka maneno makubwa na magumu. Kwa wanao hilo ni wazo zuri, kwa paka sidhani. Rais George W. Bush naye alikuwa na paka mweusi aitwaye India. Jina lilitokana na mchezaji wa besiboli wa Texas, Rubén Sierra, aliyepewa lakabu ya El Indio. Nchini India kwenyewe hakuna aliyejali asili hiyo, wengine walikasirika na kuandamana. Jina la nchi, la kabila au la kiongozi aliye hai liacheni.

Majina ya Kiarabu ya paka hayaishi: hirr, qitt, sinnaur na mengine mengi. Ad-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1405, anasimulia katika kitabu chake cha wanyama juu ya bedui aliyemnasa paka asimjue ni mnyama gani. Kila aliyekutana naye njiani alimtaja kwa jina jingine. Bedui akajisemea: mwenye majina yote haya lazima ana mali ndani yake. Akampeleka sokoni, akataka dirhamu mia. Wakamwambia thamani yake ni nusu dirhamu. Akamtupa chini akisema, alaaniwe, majina tele na bei hakuna!

Sasa tuje nyumbani, maana naona binti yako ametafuta mbali na kitu kipo mlangoni. Paka wako ni wa kijivu mwenye michirizi. Hiyo ndiyo rangi ya kimburu, paka wa mwituni wa Afrika, na paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii yake ya Mashariki ya Kati. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulilithibitisha hilo. Ukimwita Kimburu unamwita kwa jina la babu yake, na ukiwaweka pamoja usiku mtu angeona shida kuwatofautisha. Watoto wa mjini hawalijui neno, kwa hiyo kila mgeni atauliza, na mwanao atapata la kueleza. Katika jamii hiyo ya mwituni yupo pia mondo, yule mwenye miguu mirefu na madoa, anayeruka juu kukamata ndege. Mondo ni jina zuri la dume jembamba. Simbamangu ana masikio yenye vishungi vyeusi. Kanu ana mkia wa pete na madoa, ingawa si wa ukoo wa paka kweli, na ukivuka mpaka wa Horohoro watu watadhani umempa paka jina la chama cha siasa.

Kenya wana chao pia. Karibu na Watamu, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama wamekuwa wakimjua paka mwenye mabaka ya kahawia wanayemwita kadzonzo, kwa jinsi manyoya yake yanavyofanana na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka huyo shambani kwake akawalea, baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na leo ni aina inayotambuliwa kimataifa kwa jina la Sokoke. Ni katika aina chache sana za paka zenye jina la mahali pa Afrika Mashariki. Wa kwenu hana rangi hiyo, lakini shangazi akileta wa pili wa kahawia, Kadzonzo limeshapatikana.

Ukipenda majina ya rangi, Waturuki wana mtindo ninaoupenda: Pamuk ni pamba, kwa paka mweupe, Tarçın ni mdalasini, kwa wa kahawia, Duman ni moshi, kwa wa kijivu. Sisi tuna Hiliki, Bizari, Kaimati, Ukungu. Moshi lingemfaa sana wa kwenu, ila jamaa wa Kilimanjaro hawatawaacha salama. Au mwite kwa majira aliyokuja, kama watu wanavyowaita watoto: Kaskazi kama aliletwa wakati wa joto la Desemba hadi Machi, Kusi kama ni miezi ya baridi, Matlai kama alifika alfajiri.

Kuna aina moja ya jina ambayo nashangaa haitumiki zaidi kwa paka, nayo ni jina la maneno, kama ya kanga. Mbwa wengi ninaowatibu wanaitwa Simba na Popi, paka wengi kwenye daftari wameandikwa "paka" tu, lakini mara moja moja anakuja Sinahabari au Waseme, na mwenye paka anacheka kabla sijauliza. Wahenga wamesema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi kama wafukuzwavyo ndege shambani. Haingwa! Ni jina la kike au la kiume, halifanani na jina la mtu yeyote, na mama yako hatakuwa na pa kulipinga kwa sababu ni methali yake mwenyewe. Mimi ningempa Haingwa. Watoto wakikataa, Kimburu.

Juu ya kubadilisha jina, hakuna wasiwasi. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walitoa mwaka 2019 majaribio yaliyoonyesha kwamba paka hulitofautisha jina lake na maneno mengine yenye urefu na mkazo sawa, hata likitamkwa na mtu asiyemjua. Kwenye mgahawa wa paka, wanakoishi wengi pamoja, hawakuweza kutofautisha jina lao na la wenzao, labda kwa sababu kila jina huko linaweza kuleta chakula. Kwa hiyo akija paka wa pili msimpe jina linalofanana kwa sauti na la kwanza. Kimburu na Kimbunga nyumba moja ni fujo.

Kwa wiki ya kwanza mwiteni kwa yote mawili, "Pusi Haingwa", wakati wa kumpa dagaa au kumkuna kidevu, na jina jipya lije mwisho, karibu na chakula. Wiki inayofuata ondoeni Pusi. Nyumba nzima itumie jina hilo hilo moja, bibi pia, na msilitumie kabisa mnapomkaripia au mnapotaka kumkamata kumpa dawa ya minyoo. Hapo mfuateni kimya. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mleteni. Paka huchanjwa kuanzia miezi mitatu kama mbwa, na nyumba nyingi humpeleka mbwa zikamsahau yeye. Jina mtakalokubaliana njooni nalo siku hiyo, niliandike kwenye kadi yake.